Tende za Karamu ya Sultani

Miaka kumi na tisa Zaghlul alikuwa mtu wa umati. Katika studio za Kairo aliwahi kuwa askari wa tatu kushoto, maiti, hata nusu ya nyuma ya ngamia, lakini hakuwahi kutamka neno mbele ya kamera. Ramadhani hii, hatimaye, alipewa maneno. Matano tu, katika filamu ya jini na zulia linaloruka: mchawi anageuza karamu ya sultani kuwa mawe, na mgeni mmoja anaruka na kulia, "Ewe mchawi, umetuua kwa njaa!" Nagiba, mkewe, alikwisha kuutangazia mtaa mzima.

Taabu ni kwamba maneno yaligoma. Asubuhi walipiga picha za chakula halisi, bata wa kuoka na mapochopocho mengine, harufu ikimtesa aliyefunga. Alasiri Shahata, mtunza vifaa, akaondoa kila kitu na kupanga vyakula bandia vya plasta, vigumu kama mawe, sura ileile.

"Ewe mchawi..." Zaghlul akanung'unika.

"Kata! Ami Zaghlul, unamlaani mchawi au unamwomba kiberiti?" akafoka Ustaadh Murad, mwongozaji. "Mara ya kumi na moja hii! Jua likizama hujaweza, maneno nampa Fikri."

Fikri, mgeni mwingine wa sultani, akaanza kusafisha koo. Hana hata haya!

Zaghlul akatupia jicho kando ya sahani yake. Tangu asubuhi alikuwa ameweka hapo tende tatu alizofungiwa na Nagiba, za kufuturia. Zilikuwa palepale. Zikampa moyo.

"Haya, piga!" akaamuru Ustaadh Murad.

Kamera ikaanza kunasa, na papo hapo mzinga wa kutangazia futari ukalia kutoka ngome ya mji. Kufuturu hakumngoji mwongozaji. Mkono ukaenda wenyewe, "Bismillahi," tende ikaingia kinywani, na Zaghlul akaing'ata kwa njaa ya siku nzima.

Kakatu!

Plasta. Shahata, fundi mwangalifu kupita kiasi, alidhani nazo ni za sultani, akazibadilisha. Mvumilivu hula mbivu, wasema wahenga. Zaghlul alivumilia miaka kumi na tisa akala plasta.

Akaruka, shavu mkononi, machozi yakimtoka, kidole akimnyooshea Shahata aliyesimama nyuma ya mchawi.

"Ewe mchawi! Umetuua kwa njaa!"

Fikri akarudi nyuma hatua mbili. Mchawi mwenyewe akaomba radhi.

"Kata! Hiyo! Hiyo ndiyo!" Ustaadh Murad alikuwa amepanda juu ya kiti.

"Turudie moja ya akiba?" akauliza mpiga picha.

"Kwani ana meno mangapi ya akiba?"

Zaghlul akatema kipande cha jino kiganjani, akicheka na kulia kwa pamoja. Amesema! Mbele ya kamera, amesema! Akamwendea Shahata.

"Jino nimekusamehe, mwana wee. Sasa nipe tende za mke wangu."

Shahata alikuwa anatafuna. Akatema kokwa ya tatu kwa adabu.

"Ami, mzinga umenililia na mimi," akasema. "Na kumfuturisha aliyefunga kuna thawabu kubwa. Leo umezipata zote."