Mtani Alipomtaja Julieth

Riwaya ilikuwa imepita mikono mingi saluni kwa Bernadeta, pale Gongoni, hata jalada haikuwa nalo tena. Ilimhusu mwanamume mpole anayemtilia mkewe sumu kidogo kidogo huku akimpangusa jasho. Wanawake waliigombea. Spesioza alipoipata hakulala mpaka akaimaliza, kisha akaianza upya.

"Unapata raha gani na vitisho hivyo?" mumewe, Kornel, alimwuliza.

"Raha ni kwamba anayekufa si mimi. Nikikifunga kitabu, hofu inabaki humo ndani."

Kornel alicheka. Alikuwa muuza asali, mtu wa maneno machache, na kila asubuhi alimkorogea mkewe uji wa asali kwa mkono wake. Ndoa yao haikuwa na mwaka. Spesioza alikulia Ulyankulu, kwa wazazi waliotoka Burundi, na mjini Tabora bado alikuwa mgeni.

Asubuhi hiyo Kornel alikuwa nje akifunga madumu kwenye pikipiki. Sadiki, fundi cherehani wa nyumba ya pili, akaingia bila hodi, akaitwaa kofia ya Kornel msumarini na kuivaa.

"Shemeji, bado u hai? Na uji wake unaunywa? Haya! Julieth naye aliunywa hivyo hivyo, tukaja kula ubwabwa wa msiba humu humu!"

Akatoka akicheka.

Spesioza aliutazama uji bakulini. Upole, kijiko, kile kicheko cha Kornel: kila kitu kilikuwa kimeandikwa mle kitabuni. Akaumwaga uji uani. Kornel alipoingia, alimkuta mkewe ameshika begi.

"Unakwenda wapi?"

"Kwetu. Sadiki kasema ulimuua mtu kwa uji."

Kornel alimwita Sadiki kwa sauti kubwa dirishani. Fundi akaja mbio, kofia bado kichwani, na alipoliona begi akashika kiuno.

"Mama yangu! Shemeji, mimi Mzaramo, huyu Mnyamwezi. Watani! Babu zake walipita kwetu na pembe za ndovu mabegani, wanakwenda Pwani, utani ukaanzia hapo. Mwanamume huyu namzushia kifo kila nikimwona. Kwenu hamna watani?"

"Wa kutania na vifo? Hatuna!"

Spesioza akajikuta anacheka, machozi yakimtoka kwa aibu. "Kumbe. Kwa hiyo hakuna Julieth."

Sadiki hakucheka. Alimtazama Kornel, akaivua kofia polepole.

"Hukumwambia?"

Kornel aliinamisha kichwa.

"Hakuniambia nini?" Spesioza aliuliza.

"Shemeji, hayo ya uji ndiyo niliyotania," Sadiki alisema. "Julieth alikuwepo. Nilijua unajua. Mtaa mzima tunajua."

"Alikuwa mke wangu," Kornel alisema. "Alifia kwenye uzazi, na mtoto pia. Niliogopa nikikuambia utakataa kuja."

Spesioza akaegemea ukuta. Alikuwa amemtafuta muuaji ndani ya nyumba, na nyumba yenyewe ikageuka kuwa ya mwanamke mwingine. Sadiki akaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni.

"Wewe kaa," Spesioza alimwambia. "Unasema kila kitu bila kuombwa, leo nakuomba. Kornel, anza mwanzo kabisa. Ukiruka mahali, mtani wako ataniambia."

Sadiki akakaa. Kornel akavuta kigoda, akaketi mbele ya mkewe. Spesioza alimsubiri. Begi hakuliweka chini.