Karibu, Mgeni

Chiriku hakuwa na ofisi. Alikuwa na meza moja kwenye kona ya chumba cha ushonaji cha dada yake, kati ya majora ya vitambaa na ubao wa kupigia pasi, na hapo ndipo alipotengeneza tovuti yake. Aliiita Pasi. Mwandika programu aliyevuruga kazi yake anaibandika pale, nayo Pasi inamnyooshea mstari kwa mstari na kumwonyesha palipokosewa. Basi, hayo tu. Kwa miezi minane waliokuja walikuwa wa kuhesabika, na baadhi ya siku alikuja mmoja.

Ili kujipa moyo, alimrekodi dada. Kila mtu alipoingia Pasi, popote alipo duniani, kompyuta pale mezani ilipaza sauti ya dada: "Karibu, mgeni!" Wateja waliokuja kupimwa magauni walishazoea kukaribishwa mara mbili.

Siku moja, saa tatu asubuhi, mwalimu wa kompyuta ambaye hawajawahi kumtia machoni aliisifia Pasi mtandaoni. Wanafunzi wake wakawaambia wenzao, na wenzao hawakuwa watu wa kukaa na jambo.

"Karibu, mgeni! Karibu, mgeni! Karibu, mgeni!"

"We Chiriku!" dada alipiga kelele, pini zikamtoka mdomoni. "Nimekaribisha watu arobaini na sijashona hata mkono mmoja!"

Chiriku alikuwa juu ya kiti, anacheza. Alishuka, akamkumbatia dada, akakumbatia cherehani, akamkumbatia na mteja aliyekuja kuchukua sketi yake. Kisha akatazama skrini. Watu elfu sita walikuwa kwenye foleni. Wengine walishaanza kuandika: "Haifunguki." "Imekufa hii?"

Mgeni akikuta mlango umefungwa hana haja ya kurudi, na hao elfu sita wangeisema Pasi vibaya kabla ya adhuhuri. Miezi minane ingekwenda na maji. Chiriku akaongeza seva ya pili, akaongeza ya tatu. Foleni ikafika elfu tisa.

"Nguvu ipo, dada! Nguvu ipo tele, ila watu hawasogei!"

Dada hakujua programu hata ya dawa, lakini masikio alikuwa nayo. Alisimama na futi yake shingoni, akajisikiliza.

"Hebu nikuulize, mdogo wangu. Wageni maelfu, mbona mimi naongea kwa raha zangu? Namaliza mmoja ndiyo namwita mwingine."

"Ndiyo nilivyopanga. Mgeni hafunguliwi mpaka umalize kumkaribisha. Si adabu kumpa mtu kazi yake kabla ya…" Chiriku akajiziba mdomo.

"Yaani aliyesimama mlangoni ni mimi?"

"Wewe, dada. Tangu saa tatu!"

Walicheka mpaka mteja wa sketi naye akacheka bila kujua anachekea nini. Chiriku alifuta mistari michache, akaongeza mmoja mfupi, akabonyeza. Sauti ikakatika. Elfu tisa wakawa elfu nne, elfu nne wakawa mia, kisha foleni ikaisha, na wageni wapya wakawa wanaingia kama maji mferejini. Chiriku akapanda tena juu ya kiti.

"Wanapita, dada! Wote wanapita!"

"Hongera, mdogo wangu," dada alisema, na alifurahi kweli. Lakini chumba kilikuwa kimya mno. Alishona kidogo, akasimama, akaingia nyuma ya pazia la kujaribia nguo na simu yake mkononi.

"Karibu, mgeni!" kompyuta ikapaza sauti.

Pazia likatikisika. Dada akatoa kichwa. "Si umeniondoa?"

"Nimekuondoa kwa wote. Nimemwachia mgeni mmoja tu, yule aliyekuwa akija siku ambazo hakuja mtu mwingine." Chiriku alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. "Kila mara anabandika vipimo vya magauni."

"Kumbe ulijua?"

"Dada, ni mwandika programu gani anayeleta kiuno themanini na mbili?"