Barua ya Jeanne kwa Kidenmaki

Mtaani hapa Yeoville wanajua: ukitaka barua ya Kidenmaki, nenda kwa Mama Hyasinta. Mtanzania huyu aliishi Kopenhagen miaka kumi na minane na mumewe, mkimbizi wa siasa kutoka hapa Afrika Kusini, kabla hawajarudi. Ila ujue, bibi ana masharti. Haandiki neno asiloliamini, na ukimharakisha anakwenda kuchemsha chai.

Jeanne, msusi wa Kikongo, alimpelekea barua aliyomwomba jirani amwandikie kwa Kiingereza. Ilikuwa ya kwenda kwa Shekinah, mtoto wa marehemu dada yake Gaëlle, aliyezaliwa huko Denmaki. Msichana alikuwa ameuliza kwa Kidenmaki jambo moja tu: mbona hukuja kumzika mama? Jeanne alitaka kumjibu kwa lugha yake, maana duniani hakubakiwa na ndugu mwingine wa damu.

Akitafsiri, Mama Hyasinta alifika pale barua inapotaja mazishi, akaweka kalamu chini.

"Hapa Kiingereza kimesema 'missed', yaani mazishi yalikupita. Neno hili ni gunia, linabeba kila kitu. Kidenmaki kinataka nichague. Ulichelewa, ulizuiwa, au hukutaka?"

"Weka tu nilizuiwa, mama. Mambo ya viza."

"Walikunyima?"

"Andika tu, mama, wateja wananingoja," Jeanne alisema. Mama Hyasinta akainuka, akabandika chai. Eish, bibi huyu! Polisi wangekwenda kwake kusomea kuhoji watu.

Chai ilipoiva, Jeanne alikuwa analia. Viza ilitoka. Tiketi ililetwa. Lakini yeye na Gaëlle walikuwa hawasemezani mwaka wa nne, tangu matanga ya mama yao, na siku ya maziko alishinda saluni akisuka, kana kwamba hakuna aliyekufa.

"Nikimwambia hivyo, mtoto nimempoteza."

"Labda. Lakini uongo siutafsiri."

Jeanne alitamani kumpokonya karatasi aende zake. Lakini akautazama mkono ule wa kizee, jinsi ulivyoandika neno, ukalikata, ukaandika jingine, kwa subira ya mtu anayechambua mchele. Hakuna aliyewahi kuyahangaikia maneno yake namna hiyo. Hasira ikamwisha, akabaki anamstahi.

Kisha, kama ilivyo desturi yake, Mama Hyasinta akamsomea yote kwa Kiswahili: "Njia ilikuwepo, sikuja. Nilimkasirikia mama yako, na hasira hiyo inanila mpaka leo." Hakuongeza huruma wala kupunguza aibu.

"Ipeleke," Jeanne alisema.

Wiki tatu baadaye jibu likaja. Mama Hyasinta alilisoma kimya mara mbili, akavua miwani.

"Anasema, 'Tiketi ile tulikununulia mimi na baba, kiti cha dirishani nikakuchagulia mimi. Nilikungoja uwanja wa ndege mpaka abiria wote wakaisha. Nilikuuliza ili nione kama utanidanganya, mama mdogo.'"

Jeanne akamsogelea. "Na baada ya hapo?"

"Anauliza utakuja lini."