Kwa Maroa Ng'ombe Hawahesabiwi

Habari hii ni ya kweli tupu, kuanzia kwato hadi pembe. Anayebisha aende Ogwedhi siku ya soko la mifugo aulize. Ataonyeshwa shule, ataonyeshwa Mzee Maroa mwenyewe, na akiuliza alipo jogoo mwekundu wa mzee huyo, watu watacheka kwanza ndipo wamjibu.

Siku ya mkutano wa wazazi, Mzee Maroa aliingia shuleni na hasira iliyomtangulia mlangoni. Kwapani alikuwa na jogoo huyo, maana akitoka hapo angeenda naye sokoni. Alikuwa dereva mstaafu wa lori la ng'ombe, kusoma alijifundisha mwenyewe kwa vibao vya barabarani, na kwa kutunga visa hakuna aliyemfikia kutoka Masara hadi Rongo. Lakini leo hakuja na kisa. Alikuwa amesikia kwamba mwalimu mkuu, Bwana Stanley, anataka kumrudisha mjukuu wake Mokami kutoka gredi ya tatu hadi ya kwanza, eti mtoto hajui kuhesabu. Na Mwalimu Zilpah, aliyemtetea, anyang'anywe darasa.

Hajui kuhesabu! Mtoto aliyekuwa akimwambia nyanya yake chenji imepungua kabla muuza sukari hajafunga mkono!

Ukweli ulikuwa huu. Maswali ya embe na ndoo Mokami aliyapata yote. Likija swali la ng'ombe malishoni, anaweka kalamu chini na kunyamaza. Walimu waliotangulia walimwita mkaidi, mmoja akamwita gogo. Ni Mwalimu Zilpah peke yake, mgeni kutoka Homa Bay, aliyeketi naye akaona kwamba mtoto hanyamazi ovyo. Anawanyamazia ng'ombe. Jumamosi moja mwalimu akakanyaga matope hadi bomani kwa Maroa kuuliza kulikoni, na mzee akamweleza kwamba kwao ng'ombe aliye hai hahesabiwi. Anajulikana kwa rangi yake na kwa mama yake. Ukimhesabu unamwitia balaa. Mwalimu hakucheka. Jumatatu alimwandikia Mokami maswali ya kamba za kufungia ng'ombe, na mtoto akayamaliza kabla ya wenzake.

Sasa Bwana Stanley alisimama mbele ya wazazi, tai imenyooka, akasema mtihani hautatungwa kwa kamba kwa ajili ya familia moja. Alisema shule ina watoto wengi, na mwalimu anayemfuata mtoto mmoja hadi nyumbani anawaangusha wengine. Wazazi wengine wakatikisa kichwa kukubali. Mwalimu Zilpah alikaa pembeni, na Mokami karibu naye akitazama viatu vyake.

Mzee Maroa akainuka.

"Bwana Mkubwa, wewe una watoto wengi na humjui hata mmoja. Mimi nimebeba ng'ombe miaka yangu yote. Anayechechemea nilimweka kando, mwenye mimba nilimtandikia nyasi. Na hao walikuwa wanakwenda kuchinjwa!"

Hapo ndipo ulimi ulipomponyoka, kama ulivyozoea. Akaona hasira peke yake haitoshi, akaleta ushahidi. Akasimulia jinsi alivyopakia ng'ombe Ogwedhi, kila mmoja na kamba yake, kamba kumi na mbili. Utingo wake, mtu wa mjini asiye na adabu, akawaelekezea kidole na kuwahesabu kwa sauti. Lori halikusimama, mlango haukufunguliwa, lakini njiani ng'ombe mmoja mweusi akayeyuka pamoja na kamba yake, likabaki joto tu pale aliposimama. Mzee akaendelea kwa uchungu: Rongo akafungua kamba saba, ng'ombe wakashuka, Homa Bay akafungua tano, mnunuzi akawapokea.

"Mnaona balaa la kuhesabu? Naapa kwa kaburi la baba. Atakayenikamata na uongo, jogoo huyu ni wake."

Wazazi walikuwa wakiguna kwa mshangao. Mokami alikuwa ameacha kutazama viatu. Alimtazama Mwalimu Zilpah, naye akamwitikia kwa macho tu, kama afanyavyo darasani.

"Babu," mtoto akasema, "kamba saba za Rongo na tano za Homa Bay ni kumi na mbili. Hakuna kamba iliyopotea."

Mzee Maroa akamkaza jogoo kwapani. Kisa hicho alikuwa amekisimulia sokoni, matangani, hata kwa polisi wa barabarani, na hakuna mtu mzima aliyewahi kujumlisha. Kicheko kikapasuka. Pauline, mwenyekiti wa wazazi, alijifuta machozi kwa leso kisha akamgeukia Bwana Stanley. Alimuuliza, kwa upole uliochoma kuliko matusi, kama yeye alikuwa amezijumlisha hizo kamba. Bwana Stanley akaishika tai yake. Hakuwa amezijumlisha.

Mkutano haukuendelea sana. Ikaamuliwa Mokami abaki gredi ya tatu, Mwalimu Zilpah abaki na darasa lake, na waliotikisa kichwa mwanzoni ndio waliopiga makofi kwa nguvu zaidi, jambo lililomchoma Mzee Maroa upya. Miaka mitatu mtoto ameitwa gogo, nao walikuwa wapi?

Nje, alijaribu kumwambia mjukuu wake kwamba jogoo huyu ana kikohozi, na nyumbani kuna kuku mweupe, mtagaji mzuri, ambaye angemfaa zaidi.

"Ulisema huyu, Babu."

Akamtoa kwapani. Mokami alimpokea kwa mikono miwili, akageuka, akampelekea Mwalimu Zilpah. Mzee akabaki na manyoya mawili mekundu kwenye koti, akiyapangusa na kunung'unika kwamba bado ana hakika yule ng'ombe alikuwa mweusi.