Tamar Alioshwa Vizuri

Weye unayesoma hapa, ulikuwa kwenye mstari wa dispansari asubuhi ile. Usiniambie umesahau. Ulitazama viatu vyako, na miaka minne sasa bado unavitazama.

Basi nitasema tena, ingawa nimechoka kusema.

Ilikuwa mvua za mwaka wa hamsini na mbili, hapa Kamina, katika kambi yetu ya reli. Kwenye mlango wa dispansari walikuwa wamebandika sheria: mtoto anapewa kinini, dawa ya malaria, kipimo cha homa kikifika thelathini na nane. Chini ya hapo, arudi nyumbani.

Alfajiri moja jirani yangu Augustine, mama wa Tamar, akanigongea mlango. Mumewe Albert alikuwa mbali, wanabadilisha mataruma ya reli. Alinijia mimi kwa sababu ninajua kusoma. Nilijifunza peke yangu, kwenye magazeti ya kufungia samaki.

"Baba Gaston, Tamar iko moto sana. Ametetemeka mpaka mukeka ulitembea."

Tamar alikuwa na miaka mitatu.

"Umupeleke," nikasema. "Lakini umuoshe kwanza. Bakimuona muchafu, batakutukana mbele ya bantu."

Mke wangu walikuwa wamemfukuza pale dispansari kwa kamasi ya mtoto wetu. Na wale mabibi waliokuja kufundisha usafi walikuwa wanagawa sabuni kwa mama mwenye mtoto safi. Sikutaka watucheke tena. Nikachota ndoo mbili bombani, maji ya baridi, kwa mikono yangu hii. Tukamuosha; Tamar alilia, halafu akanyamaza. Augustine akampaka mafuta, akamvalisha gauni jeupe la kanisani.

Pale dispansari Nicodème, muuguzi wetu, mtoto wa kambi kama sisi, akaweka kipimo kwapani.

"Trente-sept na nusu, haifiki thelathini na nane. Huyu hana homa."

"Tata muganga, alfajiri alikuwa moto!"

"Mama, kipimo njo kinasema, hapana miye. Muangalie anavyong'aa! Munamupeleka kwa ndoa?"

Mstari mzima ukacheka. Weye ulicheka. Hata mimi nilicheka kidogo, kwa aibu.

Tukarudishwa nyumbani bila kinini. Saa saba mchana Tamar akashikwa na degedege. Tukamkimbiza. Walikuwa wamefunga kwa chakula. Tukapiga mlango mpaka Nicodème akatoka na kijiko mkononi. Kipimo kikapanda mpaka arobaini na moja. Akachoma sindano haraka, kwenye paja lililokwisha kulegea.

Tamar hakuamka.

Nicodème akakaa sakafuni. Akagusa lile gauni.

"Asubuhi mulimuosha?"

"Ndiyo," nikasema. "Na maji ya baridi."

"Mungesema. Maji ilificha homa."

"Na weye ungeuliza."

Albert aliporudi nilimweleza mwenyewe. Hakunipiga. Alizitazama ndoo zangu, akaingia ndani.

Sheria bado iko mlangoni. Chini yake ninaandika kwa penseli: ulizeni kama ameoshwa, ulizeni alfajiri alikuwaje. Mara tatu wameyafuta maneno yangu. Sina tena nguvu ya kuandika peke yangu.

Kwa hiyo inuka. Jirani yako asiyejua kusoma ana mtoto aliye moto sasa hivi, na anatafuta ndoo. Mnyang'anye. Mtoto aende na vumbi lake, na kamasi yake. Simama naye pale mlangoni, useme alivyotetemeka, na wakikuambia urudi nyumbani, usirudi. Atakayecheka nyuma yako, mgeukie umtazame. Weka karatasi hii chini. Nenda.