Mkunjo wa Kinesi

Jumatatu asubuhi gari la dobi lilishusha mafurushi kumi na manne mlangoni pa stoo ya hospitali, na Mama Mashuka alipofungua furushi la kwanza alishtuka. Mashuka ya katikati yalikuwa yamekunjwa mraba.

Mtu mwingine angemcheka. Shuka limekunjwa mraba, haya, kuna nini cha kuogopa hapo? Lakini huyu alikuwa nesi wa wodi miaka ishirini na mmoja, mpaka mgongo ulipomgomea na wakubwa wakampa stoo ya mashuka. Kazi ya kukaa, walimwambia, utadhani mafurushi hujibeba yenyewe. Alilijua shuka la katikati. Ni lile dogo linalotandikwa chini ya kiuno cha mgonjwa asiyejiweza. Nesi aliye peke yake hulikunja kwa kwenda na kurudi, pindo juu ya pindo, na pindo la mwisho huliacha wazi. Analiweka kitandani, upande ulio wazi ukimwelekea mgonjwa, anamgeuza mgonjwa ubavu, anavuta mara moja, kwisha. Yeye mwenyewe alimtandikia hivyo mama mkwe wake miaka miwili mizima. Dobi hakunji hivyo. Dobi hajawahi kumgeuza mtu.

Na kwa wiki tatu mashuka yalikuwa yakija yamekunjwa kinesi. Yote, bila hata moja kukosewa. Mama Mashuka alikuwa akiyafungua huku anatabasamu peke yake, kama mtu aliyesalimiwa na ndugu. Hakujiuliza nesi anatafuta nini kwa dobi. Hilo lilikuwa kosa la kwanza. La pili lilikuwa baya zaidi, na lilitoka mdomoni mwake mwenyewe.

Jumatano iliyopita alikwenda kwa dobi na fomu. Hospitali ilikuwa imeweka utaratibu mpya: kila anayeiuzia bidhaa au huduma akaguliwe, isije ikawa kuna watu wanafanyishwa kazi kwa nguvu, pasi zao za kusafiria zimefichwa, milango imefungwa kwa nje. Fomu ilikuwa na maswali kumi na moja. Barua ya kuwaarifu ilitangulia kwa siku saba, maana ndivyo utaratibu ulivyotaka, kwa hiyo alikuta sakafu inang'aa na wafanyakazi wamevaa aproni mpya zenye mikunjo ya dukani. Meneja wa pale alikuwa mwanamume wa tabasamu pana na marashi ya kukaba koo. Kimoyomoyo alimwita Bwana Marashi. Maswali yote alijibu yeye. Wafanyakazi walipoulizwa, naye kasimama palepale, walijibu mmoja baada ya mwingine, "Tuko salama, tunashukuru." Maneno yaleyale, sauti ileile. Mama Mashuka akatia sahihi.

Halafu, jamani, akiwa anaaga, akaona rundo la mashuka ya katikati juu ya meza na ulimi ukamtangulia. "Nani anakunja hivi? Huyu si dobi, huyu ni nesi kabisa."

Alisema kwa sauti, huku anacheka, akidhani anasifia. Pale mezani mwanamke mmoja mrefu, mwenye kovu dogo kidevuni, aliacha mikono yake ikielea hewani. Wenzake wakainamisha vichwa. Mashine tu ndizo zilizoendelea kunguruma.

"Nitampa zawadi yake," Bwana Marashi alisema, na lile tabasamu halikumtoka.

Sasa mashuka yamekuja mraba. Mama Mashuka alijikuta amekaa juu ya furushi. Zawadi gani? Akakumbuka komeo la mlango wa pale, lilikuwa limewekwa kwa nje. Aliliona kwa macho yake, akajidanganya kuwa ni kwa ajili ya wezi. Alichoogopa ni kitu kimoja: kwamba yule mwanamke ameumizwa, au amefanywa jambo baya kuliko kuumizwa, kwa sababu ya mdomo wake.

Alimwendea mkuu wa manunuzi, mtu mstaarabu anayeogopa karatasi kuliko simba.

"Mama, si uliitia sahihi mwenyewe hiyo fomu?"

"Niliitia. Nataka kuifuta."

"Haifutwi. Tuandike barua ya kurudi kukagua, tuwape siku saba zao."

"Siku saba ndizo zilizoleta aproni mpya, bosi. Nimemponza mtu."

"Au kaacha kazi tu, watu si wanaacha? Usijitie presha bure. Ukikosea hawa jamaa watatupeleka mahakamani, na jina lililo kwenye fomu ni lako. Umebakiza miaka mitatu ustaafu, Mama. Tulia."

Alirudi stoo akajaribu kutulia, akashindwa. Ukutani kulikuwa na tangazo lenye namba ya simu ya siri, ya kuripoti watu wanaofanyishwa kazi kwa nguvu. Alikuwa amelibandika yeye mwenyewe katika wodi zote tisa, tena kwa gundi nyingi, na hata siku moja hakufikiri kwamba atakuja kulihitaji. Alipiga, akakata kabla haijaita. Jikaze kisabuni, we mama, akajiambia. Akapiga tena. Alieleza yote, hata lile la kucheka na kusifia.

Saa nane mchana alifika afisa wa kazi, mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa.

"Nikijitambulisha, watachelewesha kufungua mpaka wamalize kuficha," alisema. "Nyie hamna njia ya kuingia bila barua?"

Mama Mashuka alipitisha kiganja juu ya furushi kama alivyofanya kila asubuhi. Mashuka yalikuwa na ubichi. Asubuhi ile hofu ilimfanya asahau hata kuyapapasa.

"Iko," alisema taratibu. "Shuka bichi halipelekwi wodini, linazaa vijidudu. Likija bichi, mkataba unaturuhusu kwenda saa hiyohiyo kuona linakaushwa vipi."

"Basi leo mimi ni mtu wako wa vijidudu. Nina polisi wawili, watakaa kwenye gari kona ya barabara. Na wewe, tafadhali, usiongee sana."

Hilo hakuhitaji kuambiwa.

Safari hii hakukuwa na aproni mpya. Kulikuwa na mvuke, sakafu yenye maji na wanawake wanne mezani, miguu mitupu. Nafasi ya yule mrefu ilikuwa tupu. Mama Mashuka aling'ata ulimi asiulize, lakini Bwana Marashi alimwona anavyoangaza.

"Unamtafuta yule wa zawadi? Amesafiri, masikini. Kafiwa na shangazi yake."

Afisa akamvuta meneja kwenye mashine za kukaushia, akaanza kumuuliza habari za joto na dakika, swali juu ya swali. Mama Mashuka alibaki mezani. Bwana Marashi alikuwa hatua kumi kutoka pale, na kila mara aligeuza shingo kuwatazama.

"Yuko wapi?" alinong'ona.

"Tuko salama, tunashukuru," akajibu aliyekuwa karibu naye, bila kuinua macho.

Angefanya nini? Hakujua. Alichukua shuka la katikati kwa sababu mikono yake ilitaka kushika kitu, akalikunja kinesi, pindo juu ya pindo, akaliweka mezani. Yule wa karibu alilitazama. Akachukua shuka lake akalikunja vilevile, haraka, kwa mikono iliyozoea. Wa pili akafuata, kisha wa tatu, kisha wa nne. Hawa wote walikuwa manesi.

Lakini waliyaweka mezani vibaya. Yote manne yamekaa upande, pindo lililo wazi likitazama kushoto, mahali pasipo na mtu. Unesi wa wodi haumtoki mtu hivihivi. Alinyoosha mkono alipange vizuri shuka la kwanza, na yule mwanamke akalikandamiza kwa kiganja lisisogee. Machozi yalikuwa yamemjaa machoni.

Upande ulio wazi humwelekea mgonjwa.

Mama Mashuka aligeuza kichwa kushoto. Nyuma ya mapipa ya sabuni kulikuwa na mlango mwembamba wenye kufuli.

"Afisa," aliita, na sauti aliyoitumia ilikuwa ile ya wodini, ambayo hakuwa ameitumia miaka minne. "Huku kuna mgonjwa."

"Hiyo stoo ya sabuni," Bwana Marashi alisema upesi. "Ufunguo umepotea." Afisa akawapigia polisi simu, na walipoingia, ufunguo ulionekana kwenye mfuko wa shati lake. Nao ulinukia marashi.

Alikuwa hai. Alilala chali juu ya maboksi, mguu mmoja umevimba na kugeukia pasipostahili, mwili unachemka homa. Tangu Jumatano wenzake walikuwa wakimpitishia maji kwenye tundu la bomba. Wanawake wanne waliingia bila kuomba ruhusa ya mtu. Mmoja akashika bega, mwingine nyonga, wa tatu akautegemeza ule mguu.

"Tuliambiwa tunakuja kuuguza," wa nne alimwambia afisa, akimmulikia mgonjwa kwa tochi ya polisi. "Pasi zetu zote za kusafiria ziko kwa meneja."

Walimgeuza ubavu. Mama Mashuka akasukuma shuka chini yake, akavuta mara moja, likatandazika.

Mgonjwa akafumbua macho, akamtambua.

"Nilikunja hivyo wiki tatu," alisema, sauti imekauka. "Nilijua yanakwenda hospitali. Nikasema, hata nesi mmoja ataona."

"Niliona, mwanangu."

"Uliona." Akavuta pumzi. "Sasa, Mama, mbona ulisema mbele yake?"

Mama Mashuka alizunguka akashika pembe za shuka upande wa kichwani, ambako ndiko kuzito, wakahesabu mpaka tatu, wakamwinua.