Shavu la Kujaribia Sindano

Saa mbili na nusu asubuhi Madamu alivuta pazia la chumba cha pili, akawasha taa ya duara, akapangusa kalamu ya sindano kwa pamba yenye spiriti, akasema, "Haya, Shavu. Kaa."

Shavu alikaa. Hilo silo jina alilopewa na mama yake, lakini katika saluni ile, iliyokuwa ghorofani juu ya duka la rangi za nyumba, lilikuwa limeshamkaa kama sare. Kazi yake ilikuwa kufua taulo, kuwapaka wateja krimu ya ganzi, kuwafunika uso kwa nailoni na kusubiri dakika arobaini na tano mpaka ngozi ife. Alikuwa na kazi nyingine ambayo haikuandikwa popote. Kalamu ile ilikuwa na kichwa chenye sindano kumi na mbili, nyembamba kuliko unywele, zinazoingia na kutoka kwenye ngozi kwa kasi ya cherehani, na mteja akiusikia mlio wake humshika Madamu mkono. Hapo Madamu humgeukia Shavu, akampitishia kalamu shavuni mara tatu, bila ganzi, maana ganzi ni ya wateja. Kisha humuuliza mbele ya mteja:

"Inauma?"

"Haiumi, Madamu."

"Umesikia, dada? Haiumi."

Halafu kalamu ileile, na kichwa kilekile, huenda kwenye uso wa mteja. Karatasi iliyokuja na kifaa ilisema kila uso uwe na kichwa chake. Madamu aliisoma mara moja, akaikunja mara nne, akaitia chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi. Tangu siku hiyo meza haikutikisika tena, na kichwa kimoja kilimaliza wiki.

Kwa hiyo nyuso zilianza kuhama. Kile ambacho sindano zilikiokota kwa mteja wa jana zilikiacha kwa Shavu leo, na kile zilichokiokota kwa Shavu zilikiacha kwa mteja wa leo. Jumatatu alipata mifuko ya chini ya macho ya mwenye duka la dawa. Jumatano alipata mikunjo mitatu ya paji la uso ya mwalimu mkuu wa shule ya wasichana, na kesho yake njiani wanafunzi walijipanga mstari wakamwamkia. Mwisho wa mwezi alipata makunyanzi ya mke wa mkandarasi, ambayo yalikuwa mengi na ya siku nyingi, yakachukua Alhamisi tatu kuhama yote. Shavu alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Fundi viatu wa pale chini, ambaye mwaka mzima alikuwa akimchumbia kwa macho, alianza kumwambia shikamoo.

"Marahaba," alijibu Shavu. Angejibu nini?

Pale saluni hakuna aliyelizungumza sana. Msichana wa kucha alisema tu, "Da' Shavu, siku hizi unafanana na watu," wakacheka. Wateja walitoka wakiwa laini kama mayai ya kuchemsha, wakaleta mashoga zao. Madamu alisema kazi nzuri hujitangaza yenyewe.

Shavu mwenyewe hakuyajali sana makunyanzi. Kitu kimoja tu alikichunga. Chini ya jicho lake la kushoto palikuwa na kovu dogo, gumu, mfano wa punje ya mchele, na hilo sindano fupi za kila siku zilikuwa zikilipita juu juu bila kulitikisa.

Mama yake alikuwa fundi wa nguo miaka arobaini. Macho yake yaliisha kama uzi unavyoisha kwenye bobini, bila kelele, katikati ya mshono, na alipogundua alikuwa ameshatoboa matundu matupu mpaka mwisho wa kitambaa. Tangu hapo aliishona dunia kwa vidole. Kila jioni Shavu akirudi, mama alikuwa akiupapasa uso wake kabla ya salamu, kama anayepima kitambaa dukani.

"Mh! Hiki kimefuliwa sana," alisema mama pale makunyanzi ya mwanzo yalipofika. "Wanakufua na nini huko kazini?"

"Na sabuni ya wenyewe, mama."

"Basi waambie wakuanike kivulini."

Vidole vilikuwa vikiendelea mpaka vikafika kwenye ile punje. Hapo husimama. Mama hufungua mdomo, akaufunga. Kisha husema, "Ni wewe," akaomba chakula chake.

Habari ya kovu lile ilikuwa hivi. Mama aliwaambia watu wote kwamba mtoto akiwa na miaka mitano aliangukia kanyagio la cherehani. Mtoto mwenyewe aliikumbuka pasi. Alikumbuka gauni jeupe la bibi harusi ambalo alikuwa amelikata kwa mkasi ili amshonee mwanasesere wake, alikumbuka mama akigeuka, na alikumbuka ncha ya pasi ikija taratibu, wala si kwa bahati mbaya. Miaka ishirini na sita alikuwa akilisubiri neno moja. Hakutaka kuliomba, maana neno la kuombwa ni kama nguo ya kuazima, lazima uirudishe. Alijua tu kwamba mdomo ule, unaofunguka na kufungwa kila jioni, siku moja utachelewa kufungwa. Mama alikuwa na miaka sabini kasoro mmoja. Muda ulikuwa umebaki, ila haukuwa mwingi.

Alhamisi moja Madamu alimwinua kidevu, akamtazama chini ya taa.

"Hili kovu linanitia aibu," alisema. "Mteja akiliona atauliza, mbona mfanyakazi wako hujamwondolea? Nitamjibu nini?"

"Madamu, hili naomba uliache."

"La nini? Umepewa urithi?"

Akabadilisha urefu wa sindano, akaweka milimita mbili, akalichimba robo saa. Shavu aliyashika mabega yake mwenyewe. Mke wa mkandarasi alikuwa amelala kitanda cha pili chini ya nailoni, akiuliza kwa sauti ya mtu aliyekufa ganzi midomo, "Inauma?"

"Haiumi, dada," alisema Shavu.

Dakika tano baadaye kalamu ilihamia kwake.

Jioni ile mama alianza juu, kwenye paji, akashuka. Alipita mifuko, akapita makunyanzi, akafika chini ya jicho la kushoto. Alirudi, akapita tena. Alijaribu jicho la kulia, kama fundi anayedhani amegeuza kitambaa ndani nje. Kisha akaiondoa mikono yake na kuiweka mapajani.

"Wewe nani?"

"Ni mimi, mama."

"Sauti ni yake," alisema mama kwa upole. "Lakini sauti huazimwa, bibi. Wateja walinidanganya kwa sauti maisha yangu yote. Kitambaa hakijanidanganya hata siku moja. Amekutuma mwanangu?"

Shavu alimweleza habari ya sindano tangu mwanzo. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Sawa. Umeeleza vizuri. Mwambie nimempata mtu wake, na asante, lakini aje mwenyewe. Nina neno naye. Nimelikalisha mno."

Kuanzia hapo mama alimwita bibi. Alikula chakula alichopikiwa, akasifu chumvi yake. Alilalamika kidogo kwamba mwanawe amepata kazi, sasa anamwona mama yake kama kiraka.

Asubuhi yake Shavu alimwendea Madamu na kumwomba kovu lake.

"Mteja ameshaondoka nalo," alisema Madamu. "Kilichoingia usoni mwa mteja ni cha mteja. Nikianza kuwafuata watu majumbani nikidai makovu, nitabaki na biashara?"

Kwa kweli mke wa mkandarasi alikuwa amekuja kulalamika. Alikuwa ameiona punje kwenye kioo cha gari. Lakini Madamu alimwambia hiyo ni alama ya urembo, wengine huitafuta hawaipati, na alipofika nyumbani mumewe, ambaye alikuwa hajamtazama usoni kwa miaka kadhaa, aliweka kijiko chini akasema, "Umefanya nini? Umependeza." Basi lalamiko likaishia hapo.

Alhamisi iliyofuata, akiwa anampaka ganzi, Shavu alisema, "Dada, naomba unirudishie kovu langu."

"Lipi? Hili?" Mke wa mkandarasi alilishika. "Jamani, mume wangu amelipenda. La nini kwako?"

Shavu alimwambia la nini. Hakumwambia habari ya pasi. Alimwambia tu kwamba mama yake haoni, kwamba hapo ndipo anapomjulia, na kwamba kuna neno analomsubiria. Mke wa mkandarasi hakuwa mtu mbaya. Macho yake yalijaa machozi, krimu ikaanza kuchuruzika, Shavu akampangusa.

"Mama yangu mimi alikufa nikiwa bado nanyonya," alisema. "Sikiliza, shangazi. Kurudisha siwezi. Ila Jumapili nitakuja nyumbani kwenu mwenyewe, mama alishike. Utakaa hapo karibu, utamweleza, ataelewa. Eti?"

"Ataelewa," alisema Shavu, na wala hakumsahihisha kuhusu shangazi.

Jumapili alikuja kweli, saa kumi, amevaa viatu vya chini kwa heshima. Shavu alikuwa amefagia, ametandika kitambaa kwenye kiti. Alimwongoza mgeni mpaka mbele ya mama na kusema, "Mama, huyu ni mteja wetu. Mshike uso, halafu nitakueleza."

Mama alinyoosha mikono. Alianza kwenye paji, likawa laini. Mashavu yalikuwa laini, yamekaza, ya mtu wa miaka thelathini na mmoja. Alishuka chini ya jicho la kushoto, akaikuta punje.

"Aa," alisema. "Umekuja."

"Mama, huyo si..." Shavu alianza.

"Bibi, tulia kidogo. Kamletee mwanangu maji, ametoka mbali."

Shavu alimtazama mke wa mkandarasi. Mke wa mkandarasi alikuwa amepiga magoti sakafuni, uso wake umo katika mikono ile miwili migumu iliyojaa alama za sindano, na amefumba macho. Hakuna mtu aliyewahi kumshika hivyo.

"Mwambie, dada," alisema Shavu.

"Mpe maji kwanza," alisema mama. "Haraka ya nini? Utafikiri wewe ndiye mwenye mtoto."

Shavu alikwenda jikoni. Mtungi ulikuwa karibu na mlango, kwa hiyo alisikia yote.

"Nimekuambia uongo," mama alisema. "Nimewaambia watu wote uongo. Hukuangukia kanyagio. Nilikuchoma mimi, na pasi. Gauni lile lilikuwa la watu, na nilikuwa na njaa siku mbili, lakini hiyo si sababu. Niliipeleka pasi polepole. Ningeweza kuirudisha, sikuirudisha. Kila siku naweka kidole hapa, ulimi unakuwa mzito kama turubali. Sasa nimesema. Uliumia sana, mwanangu?"

Maji yalifurika kwenye kikombe yakamlowesha Shavu miguu.

"Haikuuma, mama," alisema mke wa mkandarasi. "Hata sikumbuki. Nimekusamehe."

Mama alilia kama anayeshonoa nguo, kidogo kidogo, mpaka uzi ukaisha. Kisha aliomba mkono wa mwanawe, akamvalisha kidoleni subana yake ya chuma, ile aliyozuilia sindano miaka arobaini, akasema alikuwa ameiweka kwa ajili yake. Ilimtosha.

Shavu alileta maji. Mgeni alikunywa, mama akanywa.

"Asante, bibi," alisema mama, uso wake umepoa, umenyooka, kama aliyepitiwa na sindano yeye. "Mungu akupe nawe mtoto."

Mlangoni mke wa mkandarasi alimshika Shavu mkono kwa mkono wenye subana.

"Umemwona alivyopumzika?" alisema. "Nilitaka kumwambia, lakini ningemvunja moyo. Mtu mzima vile! Nitakuja tena Jumapili ijayo. Niletee nini? Anapenda nini mama?"

Shavu alifikiri.

"Matunda laini," alisema. "Meno ya nyuma hana."

Alikuja Jumapili iliyofuata na matunda, na nyingine. Mama alinenepa kidogo. Siku za kati alimsimulia bibi habari za mwanawe, jinsi alivyokuwa mtundu, jinsi alivyo na roho safi, asiyeweka kinyongo. Bibi aliitikia huku akipepeta mchele. Mara moja tu alisema, "Labda iliuma," na mama akamjibu kwa ukali kwamba mwenye shavu ameshasema, yeye wa pembeni anajuaje?

Jumatatu alikuja mteja mpya, binti wa miaka ishirini na mbili anayekaribia kuolewa. Alikuwa hana hata mkunjo mmoja, ila alitaka kuwahi. Madamu aliwasha kalamu. Binti aliusikia mlio, akamkamata mkono.

"Haya, Shavu," alisema Madamu. "Kaa."

Shavu alikaa, akatoa shavu la kushoto, ambalo siku hizi halikuwa na kitu. Kalamu ilipita mara tatu.

"Inauma?"

Binti alimwinamia ili asikie vizuri.

"Haiumi," alisema Shavu.